Miembe inayokauka Tabora: hela ipo, ila msipande mwarobaini mtupu

Kaka, umeuliza halmashauri itoe wapi hela ya kuondoa miembe inayokauka barabarani, na kwa nini isipande miarobaini mitupu. Nianze na hilo la pili, ndilo zito.

Mti wa aina moja mtaa mzima ni kualika ugonjwa. Mwaka 2002, huko Detroit, Marekani, waligundua mdudu kutoka Asia anayeua miti ya kivuli ya huko iitwayo Fraxinus, na mitaa iliyokuwa na mti huo peke yake ikabaki jua kali. Mtaalamu wa miti Frank Santamour alishapendekeza tangu 1990 kwamba spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti ya mji. Basi changanyeni: mwarobaini kidogo, mkwaju, mkungu, hata mninga wetu, ingawa unakua kwa kujivuta na wengi hawana subira nao.

Hela: Mfuko wa Misitu Tanzania hutoa ruzuku, andikeni andiko la mradi kama kikundi. Pia kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kikundi kikope, kianzishe kitalu, halmashauri inunue miche kwao.

Ila bajeti isiishie kwenye mche. Bila uzio ni chakula cha mbuzi, na kwa kiangazi cha Tabora, mche usiomwagiliwa hauzioni mvua za Novemba. Tengeni posho ya mmwagiliaji, hata kijana wa kijiwe cha bodaboda palepale.

Na mwembe uliokauka ncha tu, pogoeni kwanza kabla ya kukimbilia msumeno.