Gemu la mbu kwenye PS2 ni Mister Mosquito

Mkuu, umeuliza jina la gemu ulilocheza zamani kwenye kibanda cha gemu Temeke, la mbu ndani ya nyumba ya Wajapani: ni Mister Mosquito la PS2 (mashine ya gemu ya Sony, PlayStation 2). Lilitengenezwa na kampuni ya Zoom, likatoka Japani 2001, Marekani 2002 kupitia Eidos, kampuni ya kusambaza magemu.

Unakuwa mbu unayeishi kwa familia ya Yamada: baba, mama na binti yao Rena. Unawanyonya damu ujiwekee akiba. Utamu wote uko kwenye kunyonya kwenyewe. Unatua sehemu iliyowekewa alama, unachoma, halafu unazungusha kijiti cha kulia cha pedi kwa mwendo uleule. Ukiwa na pupa, mtu anashtuka, kofi linakushukia, umekwisha! Akishakugundua anakuwinda chumba kizima, na kumtuliza lazima umgonge vituo fulani mwilini hadi hasira zipoe. Subira tupu, ndiyo maana nalipenda kuliko magemu mengi ya bunduki.

Ukilitafuta Kariakoo, angalia diski ni ya nchi gani. Ya Japani haikubali kwenye PS2 ya Ulaya, labda mashine iwe imechipiwa, yaani imefungwa chipu ya kuifanya isome diski za nchi nyingine.