Simu Iliponichagulia Mungu

Tarehe 27 Machi 2020, usiku wa kwanza wa amri ya kutotoka nje hapa Kenya kwa sababu ya korona, mama yangu aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akajitanda leso, akapiga magoti. Ilikuwa saa mbili. Kule Roma mvua ilikuwa ikinyesha, na Papa Francisko alikuwa peke yake katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro. Alipoinua Sakramenti Takatifu kuubariki ulimwengu, mama aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mimi nilikuwa kitini nyuma yake, nikiangalia idadi ya watazamaji inavyopanda.

Simu ilikuwa moja, na ibada ilikuwa moja. Imenichukua miaka kuelewa kwa nini yeye aliinuka pale amebarikiwa nami nikainuka nimeona habari tu.

Makanisa yalipofungwa, nilianza kwa kufuatilia Misa ya parokia yetu hapa Mombasa. Kufikia Mei nilikuwa na mapadri wangu wanne au watano, mmoja Nairobi, mwingine Marekani. Huyu akinichosha, nahamia kwa yule. Simu hujifunza upesi. Iligundua kwamba napenda mahubiri ya faraja na ya haki kwa wanyonge, ikaniletea hayo asubuhi na jioni. Kwa miezi mitatu hakuna aliyenikemea kwa lolote, nami nikadhani nakua kiroho.

Julai tuliruhusiwa kurudi: watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, wenye umri wa miaka 13 hadi 58. Mama alikuwa ameuvuka umri huo, akabaki na kopo lake la sukari. Mimi nilirudi, na nikaona padri wetu mzee anachosha. Kisha ikaja Jumapili ya 13 Septemba. Somo lilikuwa Mathayo 18, pale Petro anapouliza amsamehe ndugu yake mara ngapi. Wakati huo mimi na kaka yangu hatukuwa tukisemezana, kisa shamba la marehemu baba. Padri alisoma polepole kama kawaida yake, na nilitamani kutoka nje. Katika video zote nilizotazama tangu Machi, sura ile haikuwahi kunijia. Ingenijiaje, wakati kila nilichoonyeshwa kilifuata mapenzi yangu?

Aliyenipa maneno ya kulieleza jambo hili ni Mfaransa Jean-Luc Marion, mwanafalsafa Mkatoliki. Mwaka 1982 aliandika kuhusu tofauti kati ya sanamu ya kuabudiwa na ikoni, ile picha takatifu ya kusalia. Kwake, sanamu si lazima iwe kinyago cha mti. Ni chochote kinacholijaza jicho mpaka lisitafute zaidi. Jicho hutua pale, na kumbe limetua kwenye kioo, linajitazama lenyewe. Ikoni ni kinyume chake: unaitazama, kisha unagundua kwamba wewe ndiye unayetazamwa. Na kitu kilekile kinaweza kuwa sanamu kwa mmoja na ikoni kwa mwingine. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikamkumbuka mama mkekani.

Kwa hiyo sitakwambia utupe simu. Wanaoihubiria vita hawajamwona mama yangu. Ninachokushauri ni hiki: kila siku usikie neno ambalo hukulichagua. Soma masomo ya Misa ya siku kabla hujafungua video yoyote. Mpango wa masomo ya Jumapili uliotoka mwaka 1969 huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na haujali unapenda nini. Sasa nauona kuwa zawadi kubwa kuliko nilivyofundishwa nikiwa mdogo.

Ushauri wa pili niliupata kwa kukosea. Kijana mmoja wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, ile ya majirani wanaosali pamoja nyumbani, aliniandikia usiku: kila mtu ana ukweli wake, kwa nini wenu uwe juu ya wa wengine? Nilimtumia video nne. Akanirudishia tano. Tulirushiana mpaka saa saba, na asubuhi alikuwa ametoka kwenye kundi.

Swali lake lina historia. Mwaka 1979 mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard aliandika ripoti kwa ajili ya baraza la vyuo vikuu la Quebec, Kanada, kuhusu hali ya maarifa katika jamii za kompyuta. Humo ndimo alimouelezea usasaleo (postmodernism) kuwa ni kutoziamini tena simulizi kuu, zile zinazodai kueleza kila kitu. Kompyuta zilikuwamo tangu mwanzo wa mjadala. Kijana wangu hajamsoma Lyotard, lakini anaishi ndani ya ripoti ile: kila simulizi inayomfikia kwenye simu ina nyingine ya kuipinga, na zote zina ukubwa uleule wa kiganja. Nami nilijibu kwa kumwongezea simulizi!

George Lindbeck, mwanateolojia Mlutheri aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba dini ni kama lugha, na mafundisho yake ni kama sarufi. Sisi wa pwani tunalielewa hilo upesi. Hakuna mtoto aliyefundishwa ngeli kwanza ndipo akaongea. Alimsikia nyanya yake akiita na kuitikiwa, sarufi ikaja baadaye. Basi mtu akikuuliza kwa simu, mjibu kwa mstari mmoja kisha umwendee. Kijana yule aliniuliza tena, safari hii tukifunga turubai la matanga ya jirani. Sikutoa hoja. Nilimsimulia habari ya shamba na ile Mathayo 18. Haji Misa kila Jumapili, lakini jumuiya ikikutana kwa mama yake, hukaa mpaka mwisho.

Zipende jumuiya hizo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki kupitia umoja wao, AMECEA, walizifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, na siri yake ni kwamba zinakusanya majirani. Kwetu yupo muuza samaki, yupo askari mstaafu, na yupo fundi cherehani tusiyeelewana kisiasa. Hakuna aliyenichagulia hao kwa kuangalia ninachopenda.

Kuhusu akili unde (AI) nitasema machache. Iulize tarehe, kisha uhakikishe. Usiifanye mahali pa kuungama. Waraka wa Vatikani wa 28 Januari 2025 unakumbusha sanamu za Zaburi 115 zilizo na vinywa zisiseme, na kuonya kwamba hii inasema, au walau inaonekana kusema. Nimewahi kuiomba initungie sala wakati wa msiba. Ilikuwa sala nzuri sana, na kila neno lake lilikubaliana nami.

Mathayo 18 ilirudi zamu yake tarehe 17 Septemba 2023. Kaka yangu alikuwa benchi la mbele yangu. Shamba hatujaligawa hadi leo, lakini siku ile tulitembea pamoja mpaka stendi, naye ndiye aliyenilipia nauli.