Ukipanda mlima Loleza, usiogope kuhema

Wageni kutoka Dar es Salaam ninaokimbia nao hapa Mbeya wakifika mwinuko wa kwanza husema, "Mapafu yangu mabovu." Mara nyingi mapafu hayana kosa. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani.

Ukiwa umekaa, unapitisha kifuani lita 6 hivi za hewa kwa dakika. Ukikaza mwendo kupanda Loleza, zinaweza kupita 100. Moyo nao hutoka lita 5 za damu kwa dakika hadi 20, na vishipa vya sehemu ya juu ya mapafu, vinavyopata damu kidogo ukiwa umetulia, hufunguka. Kwa hiyo akiba ipo, tena kubwa.

Shida ni muda. Seli nyekundu ya damu hupita kwenye vifuko vya hewa kwa robo tatu ya sekunde ukiwa umepumzika, ila ukikimbia sana hubaki na robo sekunde tu. Pwani, muda huo humtosha mtu mwenye afya. Huku juu, seli inaweza kuondoka haijajaza oksijeni. Ndiyo maana nawasihi: punguzeni mwendo! Kipimo changu ni salamu. Kama huwezi kumwambia mzee unayepishana naye "shikamoo, habari za asubuhi" bila kukatiza, umezidisha.

Anza kwa kutembea dakika kumi. Msuli ukipata joto, himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, huiachia kwa urahisi zaidi, na mwili hupata nafasi ya kupandisha mapigo ya moyo taratibu. Juni na Julai, baridi ikiuma, vuta hewa kwa pua mwanzoni. Mwenye pumu afunge kitambaa mdomoni na asiache dawa yake nyumbani.

Halafu vumilia. Mazoezi hayakuzi mapafu ya mtu mzima. Yanayobadilika ni moyo na misuli. Figo nazo, zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni ya kuongeza seli nyekundu, lakini ongezeko la maana huchukua wiki kadhaa.

Kifua kikibana au kuuma, ukizimia, ukikohoa damu, au ukiendelea kuhema hata baada ya kupumzika, acha mazoezi uende hospitali mara moja.