Pedi ya PS2 inabonyeza yenyewe: usiitupe

Mkuu, kama nimekuelewa vizuri umenunua PS2 (mashine ya gemu ya Sony, PlayStation 2) ya mtumba, pedi yake orijino, ile ya kushika mkononi unapocheza, inabonyeza yenyewe hadi mchezaji wako anapiga shuti hujagusa kitu, na sasa kuna jamaa anataka kukuuzia mashine nyingine iliyotoka Japani.

Kwanza pedi. DualShock 2, yaani hizo pedi orijino za PS2, nyingi za zamani zina ugonjwa huo, ndani kuna utepe wa plastiki unaobanwa kwenye bodi na kasponji kadogo, kasponji kakichoka utepe unalegea na vitufe vinaanza wazimu. Fungua skrubu za nyuma, safisha zile ncha za utepe kwa spiriti kidogo, iache ikauke kabisa, halafu weka vipande viwili vitatu vya tepu juu ya hako kasponji ili kakandamize tena. Utepe usiukunje, ukikatika ndo basi.

Zile pedi mpya za bei chee binafsi sizipendi, orijino inasoma nguvu ya kidole, nyingi za kuigiza hazisomi, kwenye gemu za magari gesi inakuwa yote au hakuna.

Hiyo ya Japani sasa, soma kibandiko cha nyuma, ikiandikwa 100V usithubutu kuichomeka kwenye umeme wetu wa 230V bila transfoma ya kushusha, utaunguza. Na CD orijino za Ulaya haitasoma kama fundi hajaichezea ndani ili isome za nje ya Japani.

Na ikigoma kuwaka, usifungue upande wa pawa, kapasita (vifaa vya kutunza umeme) zinabaki na umeme hata ukichomoa, mpelekee fundi.