Anti, mimi ni mvivu au naumwa?

SWALI: Anti shikamoo. Nina miaka 36, watoto wawili, mdogo ana mwaka na nusu. Zamani nilikuwa mchangamfu balaa, nilikuwa mhasibu na kwenye vikao mi ndo wa kwanza kuongea. Nikaacha kazi nilipojifungua huyu wa pili. Saivi hata simu ikiita namba nisoijua naiangalia tu mpaka inakata. Naamka nimechoka, nalala nimechoka, nikipanda ngazi moyo unaenda mbio kama nimekimbizwa, nywele nazo zinakatika. Mume wangu anasema nimezoea kukaa nyumbani nimekuwa mvivu na saa ingine naona kweli. Kuna mtu kwenye grupu anauza vidonge vya kurudisha nguvu na kujiamini. Ninunue? – Niliyejipoteza

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue. Hakuna kidonge cha kujiamini, na hivyo vinavyouzwa kwenye magrupu hata kilichomo ndani hukijui.

Sasa tuje kwenye huo uvivu. Moyo kwenda mbio kwenye ngazi, nywele kukatika, kuamka umechoka, hizo ni dalili za kupeleka hospitali sio za kupeleka kwenye kesi ya ndoa. Omba wakupime wingi wa damu, kwa mwanamke asiye na mimba ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita hapo damu imepungua, na sio ugonjwa wa ajabu, Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu wanawake 3 kati ya 10 wa miaka 15 hadi 49 wanao. Waombe wapime na akiba ya madini chuma, inaitwa feritini, maana damu inaweza kusoma vizuri huku akiba imekwisha na wewe unaendelea kuburuta miguu. Mwambie daktari na hedhi yako ikoje, kama unabadilisha pedi kila saa au yanatoka mabonge usione aibu kusema. Halafu kuna tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kwa baadhi ya wanawake inavurugika ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, wengi inatulia yenyewe ila wengine inaendelea kusumbua. Na kipimo cha mimba pia, usinune.

Ukipewa vidonge vya chuma usivinywe na chai wala kahawa, vinywaji hivyo vinazuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ndo vilivyo. Na usiache siku ukijisikia nafuu, kwa kawaida vinaendelea miezi kadhaa mpaka akiba ijae. Ila usijianzishie mwenyewe bila kipimo, chuma kikizidi nacho ni sumu.

Kama vitu ulivyokuwa unavipenda havikupi raha tena wiki mbili na zaidi, mwambie daktari hilo nalo, sonona baada ya uzazi ipo na inatibika. Yakikujia mawazo ya kujidhuru nenda siku hiyohiyo, usingoje.

Haya, kujiamini. Watakwambia simama mbele ya kioo ujisifie. Mi siamini sana hayo. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu huamini anaweza hasa kwa kuwa amefanya na akaona ameweza, maneno ya kutiwa moyo yanasaidia lakini kidogo, na hali ya mwili nayo imo, ukichoka unajiona huwezi. Ndo maana nimeanza na damu.

Kwa hiyo fanya vitu vidogo vyenye mwisho. Simu ya namba usoijua ikiita pokea, sema haloo nani mwenzangu, ikiisha andika kwenye daftari kwamba umepokea, sio ulivyojisikia, andika ulichofanya. Siku nyingine piga wewe, uliza kitu kimoja tu. Mtafute mtu mwenye kibiashara chake umpangie hesabu za mwezi mmoja, mwanzo mpaka mwisho, mikono ikumbuke kazi. Ukialikwa kikao chochote, hata cha wazazi shuleni, sema kitu dakika tano za mwanzo, hata swali tu, kadiri unavyokaa kimya ndo mdomo unavyozidi kuwa mzito.

Mume wako mpe karatasi ya majibu ya vipimo aisome mwenyewe, na mgawane usiku wa mtoto, hakuna nguvu inayorudi kwa mtu anayeamshwa mara nne kila usiku. Mazoezi yasubiri daktari aseme damu iko sawa, baada ya hapo kutembea kwa haraka nusu saa siku tano za wiki kunatosha.

Na CV ukianza kuiandika, hiyo miaka ya nyumbani weka mstari mmoja tu, malezi ya familia, usijieleze wala usiombe radhi. Kinachokudai ni programu za uhasibu, zinabadilika haraka, tafuta kozi fupi kabla hujatuma barua hata moja.