Barua kwa mwanangu: kumpokea na kumfundisha mfanyakazi mpya

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika, nami nimeisoma kwa makini, kwa sababu swali lako si dogo kama ulivyolifanya. Unaniuliza kama si hasara kumfundisha mfanyakazi mpya wa mkahawa wako, maadamu vijana wawili uliowachukua mwezi wa nane waliondoka kabla mwezi haujaisha, na kama si afadhali kuanzia sasa uajiri wale tu waliokwisha kufanya kazi katika hoteli za Malindi na Watamu. Jawabu langu ni kwamba uwafundishe, na uwafundishe wewe mwenyewe.

Umeandika kwamba kijana wa kwanza alianza kazi Ijumaa jioni, mkahawa umejaa, ukampa aproni na kumwambia amfuate mwenzake. Kwa maoni yangu, huyo alianza kuondoka jioni hiyo hiyo. Mtu aliye mgeni kazini, asiyejua chumvi inawekwa wapi wala meza namba 4 ni ipi, akiulizwa na mteja huku anakemewa na mpishi, hujiona hafai. Na anayejiona hafai hangoji mshahara. Hakukukimbia wewe wala hakuikimbia kazi. Alikimbia fedheha.

Basi tuanze na wakati. Huko kwenu kama huku kwetu, wageni hujaa Disemba na Januari, kisha Julai na Agosti, na masika yakishika hoteli nyingi hupunguza watu na nyingine hufunga kabisa. Mfanyakazi wa Disemba achukuliwe Oktoba, au akichelewa sana mwanzo wa Novemba, wakati meza nyingi ziko wazi na wewe una nafasi ya kusimama naye. Najua utasema kwamba utamlipa mtu wakati mauzo ni haba. Ni kweli, utamlipa, na mshahara wa wiki hizo uuandike katika gharama za msimu pamoja na makaa na mchele, wala usiuone kuwa ni sadaka.

Kuhusu makaratasi sitakuchosha, ila usiyaruke. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na ukitaka kuuongeza ni lazima mwenyewe akubali, na jumla yake isipite miezi 12. Katika muda huo, anayetaka kuvunja mkataba hutoa notisi isiyopungua siku 7, au wewe umlipe mshahara wa siku hizo. Ana haki ya kupumzika angalau siku 1 katika kila siku 7. Mwandikishe katika NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na katika bima ya afya ya SHA, na asishike chakula kabla hajapata cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, ambacho hupimiwa upya kila baada ya miezi 6. Mkataba msomeni pamoja, kwa Kiswahili, mmekaa kitako, na hapo hapo umweleze tarehe ya mshahara, chakula cha mchana ni juu ya nani, ruhusa ya sala ya Ijumaa iko vipi, na bahashishi za wageni hugawanywaje. Hili la mwisho lisemwe waziwazi mno, kwa kuwa ugomvi mwingi wa mikahawani ninaoujua ulianzia kwenye kikombe cha bahashishi.

Siku ya kwanza usimpe kazi ya kuonyesha ustadi. Mtembeze. Mjulishe kwa kila mtu kwa jina lake na kazi yake, umwonyeshe maji ya kunywa yako wapi, choo cha wafanyakazi, pahali pa kuweka mkoba wake na pa kuswalia, kisha umtajie mtu mmoja wa kumwuliza wewe usipokuwepo. Nasema mmoja kwa kukusudia. Mgeni akifundishwa na watatu atajifunza njia tatu za kupanga sahani, na kila atakapofuata moja, wawili watamwambia amekosea.

Kisha umfundishe kazi moja mpaka ameishika ndipo uhamie nyingine. Chukua mfano wa kupokea samaki, kwa kuwa mkahawa wako unaishi kwa samaki. Mvuvi akileta jodari asubuhi, msimame pamoja mezani. Kwanza ufanye wewe huku unasema: unafunua shavu kuona kama matamvua ni mekundu, unatazama jicho kama ni angavu na limejaa, unabonyeza nyama kwa kidole uone kama inarudi, unanusa, unapima, unatia barafu. Siku ya pili ufanye wewe, aseme yeye. Siku ya tatu afanye yeye na aseme yeye, nawe unyamaze, hata ukimwona anachelewa. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, na wenye mikahawa wengi hushindwa hapo: huona mkono wa mgeni unasitasita, wakamnyang'anya kisu.

Na kila hatua umpe sababu yake. Mwambie kwamba jodari akiachwa kwenye joto hujengeka ndani yake sumu iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa, na kwamba mlaji huweza kuwashwa, kuvimba uso na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya kula. Aliyeambiwa tu «tia barafu» ataahirisha barafu siku atakapokuwa na haraka. Anayeijua histamini ataiwahi barafu hata kama wewe uko Mombasa.

Kila jioni ya wiki ya kwanza, kabla hajaenda nyumbani, kaa naye dakika kumi. Usimwulize kama ameelewa, maana atakujibu ndiyo kwa adabu tu. Mwulize ni jambo gani leo limemtatiza, au mteja gani alimshinda kumjibu. Kosa lake ulitaje hapo, mkiwa wawili, kamwe si mbele ya wageni. Yale yanayojirudia yaandike kwenye karatasi ubandike ukutani jikoni, na kila sahani ya chakula chako uipige picha ilivyo tayari, ili asibahatishe limau linakaa upande gani.

Sasa kuhusu hao wazoefu. Waajiri ukiwapata, lakini usidhani umeepuka kazi ya kufundisha. Mzoefu huja na mazoea ya nyumba nyingine, na kwa kuwa anaona haya kuuliza, kasoro zake huzijua umechelewa. Naye pia mtembeze, umsimamishe kwenye meza ya samaki, ukae naye jioni. Wahenga wa huku walisema udongo upatize uli maji, yaani uuwahi ungali laini. Mimi naona hata uliokwisha kukauka kidogo haukatai maji.

Kwamba watakaojua kazi watachukuliwa na hoteli kubwa, ni kweli, baadhi yao wataondoka, kwa kuwa huwezi kulipa kama hoteli kubwa. Lakini aliyeondoka kwa wema ndiye atakayekuletea mdogo wake au jirani yake unapohitaji mtu, na huyo atakuja akijua tayari kwako kukoje. Asiyefundishwa naye huondoka vilevile, ila huondoka akikusema.

Umesema una nafasi mbili za kujaza kabla ya Disemba. Usiwachukue wote siku moja. Chukua mmoja sasa, umshughulikie wiki mbili au tatu, kisha umlete wa pili na umwache yule wa kwanza amwonyeshe kupokea samaki na kupanga meza, wewe umesimama pembeni unasikiliza. Anapokosea kueleza, hapo utajua ni kitu gani wewe hukumfundisha sawasawa, nawe utakirekebisha kwa wote wawili kabla msimu haujafika. Cheti cha afya cha huyo wa kwanza kishughulikie wiki hii.

Wassalaam,

Mamako