Mkaa wangu wameupimaje?

SWALI: Shikamoo Bwana Afya. Nauza mkaa Tandika, mwaka wa kumi na moja sasa. Kwenye mkutano wa mtaa tuliambiwa kuwa majiji siku hizi yanapima gesijoto ya wakazi wote, na sisi wa mkaa tumo. Sijaona mtu wala mtambo. Wanapimaje? Na ile miti inayokatwa porini, wananiandikia mimi?
Mama Mkaa, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mama. Mtambo hukuuona kwa sababu kazi hii haifanywi kwa kunusa hewa. Ni hesabu ya kuzidisha: kiasi cha kitu kilichotumika mjini kwa mwaka, mara gesi inayotoka kwa kila kipimo cha kitu hicho. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, gesijoto kuu inayopasha dunia joto, iungulie Mbagala au Mwenge. Tuseme daladala moja inakunywa lita 50 kwa siku. Hizo ni kilo 135. Kwa hiyo anayehesabu hafukuzani na moshi. Anatafuta mafuta yaliyouzwa, au kilomita zilizotembewa.

Majiji mengi hufuata mwongozo mmoja uliotolewa mwaka 2014 na mashirika matatu: WRI, taasisi ya utafiti wa mazingira, ICLEI, mtandao wa serikali za mitaa, na C40, mtandao wa majiji ambao Dar es Salaam imo. Unaanza na nishati ya majumbani na kazini, usafiri, na taka. Jiji linalotaka kwenda mbali zaidi huongeza viwanda, kama saruji ya Wazo Hill, ambako jiwe la chokaa lenyewe likichomwa hutoa hewa ukaa mbali na ile ya nishati inayowasha tanuri. Huongeza pia kilimo na misitu. Umeme una utaratibu wake: mkazi huhesabiwa kwa uniti alizotumia, ndiyo maana moshi wa mitambo ya gesi ya Kinyerezi huandikwa pembeni, usije ukahesabiwa mara mbili.

Sasa mkaa wako. Hapa ndipo kazi ilipo, maana dizeli ina risiti, mkaa hauna. Niliwahi kupewa daftari nikapita nyumba kwa nyumba kuuliza matumizi. Fomu ilisema: “Magunia mangapi kwa mwezi?” Mama wa kwanza alinishangaa. Yeye hajanunua gunia tangu aolewe, ananunua kopo. “Makopo mawili kwa siku,” akasema, “siku ya maharage, matatu.” Nikafuta neno gunia, nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, nikapima kopo lake. Nyumba ya tatu kopo lilikuwa jingine. Na gunia lenyewe unalijua kuliko mimi: la kawaida na la rumbesa yana jina moja, uzito mbalimbali. Mwongozo unamtaka mpimaji aandike wazi kama takwimu yake ni ya uhakika, ya wastani au dhaifu, na asichokikadiria akiseme. Naupenda kwa hilo. Ya mkaa wetu, kwa haki, niliiandika dhaifu.

Kuhusu miti. Tani moja ya mkaa ikiisha jikoni hutoa takriban tani 3.3 za hewa ukaa. Lakini hiyo huandikwa kando, haijumlishwi kwenye deni la jiji, kwa hoja kwamba mti huhesabiwa pale ulipokatwa. Kinachoingia kwenye jumla ni gesi nyingine, hasa methani: kama kilo 6 kwa tani hiyo, na kwa kuwa methani hupasha joto mara 28 kuliko hewa ukaa kwa miaka 100, ni sawa na kilo 165 hivi. Basi mti uliokatwa Rufiji au Kilosa hauko kwenye jumla ya Dar es Salaam, wala moshi wa tanuri lililouchoma huko.

Kwa kanuni ni sahihi, lakini moyo wangu haukubali tuishie hapo. Msitu wa Pwani unaisha kwa sababu ya chungu cha Tandika na Manzese. Jiji linalosoma jumla yake peke yake litaona magari na dampo, lisione kisiki. Ningekuwa na sauti, ule mstari wa kando ungesomwa kwa nguvu kila kikao cha bajeti, pamoja na bei ya mtungi wa gesi ambayo mteja wako wa kopo haimudu kwa mkupuo.

Nawe hushitakiwi, mama. Hesabu hii haina jina la mtu. Ina makopo na tani. Akija kijana na daftari, mpe mizani, apime kopo lako likiwa limejaa kama unavyomjazia mteja, kisha apime gunia ulilolipokea asubuhi hiyo. Mwambie pia kiasi cha chenga kinachobaki chini. Mimi sikuuliza chenga, na mpaka leo najutia.